Neno Moja Lililomchelewesha Mwalimu

Bahasha ya kaki yenye mihuri miwili ilifika katika kambi ya polisi siku ya Jumatano, tarehe 6 Agosti, wakati wanawake wa laini walipokuwa barazani wakichagua maharage. Juu yake palikuwa na jina la mke wa sajini mmoja, mama wa watoto watatu. Mwanamke huyo alikuwa amepata cheti cha ualimu wa shule za msingi miaka minne kabla ya siku hiyo, na katika miaka yote minne alikuwa akikaanga chapati na mandazi ya kuuza huku akingojea kuitwa kazini. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi tatu. Ya kwanza ilimwarifu kwamba ameajiriwa. Ya pili ilitaja shule, iliyokuwa katika wilaya nyingine, mwendo wa nusu siku kwa basi, na kumtaka aripoti kabla ya tarehe 20 Agosti. Ya tatu ilikuwa fomu ya kujazwa na mwalimu mkuu, na juu yake yalipigwa chapa, kwa herufi kubwa za Kiingereza, maneno matatu: Assumption of Duty.

Kwa karani yeyote wa serikali hakuna ajabu katika karatasi kama hiyo. Ni hati ya kuthibitisha kwamba mtumishi amefika mahali alipopelekwa na ameshika kazi yake. Pasipo hiyo jina halipelekwi kwenye orodha ya mishahara, hata kama mwalimu anafundisha tangu asubuhi hadi jioni. Mwenye barua alilijua jambo hilo vema, kwa kuwa chuoni waliambiwa mapema. Aliifunga mikate yake ya siku ile mapema kuliko desturi, akapika posho na samaki, akangoja mumewe atoke zamu.

Sajini naye alilijua neno lile, lakini alilijua kwa njia nyingine. Miaka sita nyuma alisimama kizimbani kutoa ushahidi katika kesi ya baiskeli iliyoibwa sokoni. Alieleza kwamba mshtakiwa alipoiona sare ya polisi alikimbia, na kwa kuwa alikimbia, basi ndiye aliyeiba. Hakimu aliweka kalamu chini. Alimwambia sajini, mbele ya watu waliojaa ukumbini, kwamba hiyo ni assumption, na kwamba mahakama haikumwita aeleze alichodhani bali alichokiona. Mshtakiwa aliachiliwa. Kituoni wenzake walilitumia neno lile kumtania kwa muda wa mwezi mzima. Kila alipouliza kama chai iko tayari, waliijibu tu kwamba wanadhani. Tangu siku hiyo kwake neno lile likawa na maana moja tu: jambo lisilo na ushahidi.

Basi usiku ule, baada ya kula, alizisoma zile karatasi tatu akiwa amekaa kitandani. Mbili za kwanza zilimpendeza. Ya tatu ilimvunja moyo. Aliona kwamba ofisi yenyewe, kwa herufi zake kubwa, inakiri kuwa kazi hiyo inadhaniwa tu, haijathibitishwa. Isitoshe, alikuwa amepeleka mahakamani, kwa mikono yake, watu wawili waliowauzia vijana barua za ajira za uongo, zenye mihuri mizuri kuliko hiyo. Alizikunja karatasi, akaziweka ndani ya sanduku la bati, chini ya sare zake za akiba, akasema neno moja: "Tungoje."

Mkewe aliitikia, "Sawa, Baba watoto," akazima taa.

Yaliyotokea baadaye hayakuwa ugomvi. Laiti yangekuwa ugomvi, maana majirani wangesikia na mtu angeuliza kulikoni. Mke alilipokea neno "tungoje" kama watu wengi wanavyolipokea kutoka kwa mwenye nyumba, yaani kukataa kwa adabu. Aliwakumbuka wanawake wawili wa laini ile ile waliokatazwa na waume zao kwenda kazi za mbali, akadhani kwamba zamu yake imefika. Sajini kwa upande wake alimwona mkewe amenyamaza, akadhani kwamba mwalimu, aliyesoma kuliko yeye, amekwisha kuiona kasoro ya barua ile mwenyewe na kuona haya. Ingekuwa kazi ya kweli, alijiambia, mtu aliyeingoja miaka minne asingekaa kimya. Kila mmoja akausoma ukimya wa mwenzake kama barua, na wote wawili waliusoma vibaya. Asubuhi chapati ziliendelea kukaangwa.

Inafaa kusimama kidogo juu ya neno lenyewe, maana halikuanza kuwasumbua watu katika kambi ile.

Kiswahili hakina neno moja la kuubeba mzigo wote wa neno hilo. Kina maneno mengi, na kila moja lina mlango wake. Mtu asiye na hakika hudhani. Apimaye kwa jicho hukisia. Amtazamaye mwenzake kwa ubaya humshuku. Afisa mpya hushika madaraka. Jeshi likiiondoa serikali kwa bunduki hutwaa madaraka, kama ilivyokuwa Kampala tarehe 25 Januari 1971, Rais Milton Obote alipokuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Ndugu wa marehemu hubeba madeni yake. Tapeli hujivika cheo kisicho chake. Mwalimu wa hesabu huwaambia watoto wachukulie kwamba kitu fulani ni kadha wa kadha. Na Wakatoliki kila tarehe 15 Agosti huadhimisha Kupalizwa kwa Bikira Maria mbinguni. Mwingereza huyatia yote hayo, tangu makisio ya mlevi hadi sikukuu ya kanisa, katika neno moja la assumption, kama mama awekaye nguo za watoto wote katika sanduku moja na kila asubuhi kutafuta ni ipi ya nani.

Asili ya neno hilo ni Kilatini, na shina lake ni tendo la kutwaa: kukiendea kitu na kukichukua. Anayeshika kazi ameichukua. Anayejivika cheo amekichukua, ingawa hakupewa. Anayedhani amechukua jambo kuwa kweli kabla ya kulipima. Cha kushangaza ni kwamba hata Kiswahili kilipita njia hiyo hiyo bila kuongozwa na Kilatini, maana "kuchukulia" limezaliwa na "kuchukua." Neno "dhana," kwa upande wake, lilikuja na Kiarabu, na lina uzito wake wa dini. Koplo aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwa sajini, Mwislamu aliyeshika sala zake, alizoea kuwakumbusha vijana wa kituo kwamba katika Sura ya Al-Hujurat waumini wanaamrishwa kujiepusha na dhana nyingi, kwa sababu baadhi yake ni dhambi. Vijana walimsikiliza, kisha wakaendelea kudhani.

Kwa askari neno hili si la kuchezea. Siku ya kwanza ya kushika bunduki mkufunzi humwambia kuruta kwamba kila silaha aichukulie kuwa ina risasi, mpaka atakapoikagua kwa macho na vidole vyake mwenyewe. Hiyo nayo ni dhana, tena mara nyingi si ya kweli, maana bunduki nyingi zilizomo ghalani hazina kitu ndani. Lakini anayekosea kwa kudhani kwamba ina risasi hupoteza nusu dakika. Anayekosea kwa kudhani kwamba haina huenda akampoteza mtoto wake. Wanaolaumu dhana zote kwa pamoja hawajafikiri sawasawa.

Kuna usiku mmoja katika historia ya Uganda ambapo maana mbili za neno hili zilikutana barabarani. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyokuwa safarini kutoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa nyara baada ya kuondoka Athens, ikapitishwa Benghazi na kuletwa Entebbe. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai ndege za kijeshi za Israeli aina ya Hercules zilitua uwanjani humo kuwaokoa mateka. Kutoka katika ya kwanza yalishuka magari aina ya Land Rover yakitanguliwa na Mercedes nyeusi, mfano wa gari la Rais Idi Amin. Wavamizi walijivika sura ya msafara wa rais, wakitumaini kwamba walinzi, kwa mazoea, watadhani ni mkubwa wao na kupiga saluti. Husimuliwa kwamba siku hizo Amin alikuwa amekwisha kuanza kutumia gari jeupe. Lijulikanalo ni kwamba askari wawili wa Uganda waliokuwa zamu hawakupiga saluti. Waliliamuru gari lisimame, nao wakapigwa risasi. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya ujanja wa waliokuja, na ni haki yao, maana kazi yao ilifanikiwa. Walinzi wale wawili hutajwa kwa mstari mmoja tu. Hata hivyo, katika giza lile, mbele ya gari la fahari, walitaka kujua kwanza.

Na Israeli hiyo hiyo, miaka mitatu kabla, ilikuwa imelipa gharama ya dhana yake yenyewe. Wapelelezi wake wa kijeshi walikuwa na imani kwamba Misri haitaanzisha vita mpaka ipate ndege na makombora ya kupiga mbali ndani ya Israeli, na kwamba Syria haitapigana bila Misri. Habari nyingi zilizowafikia zikionyesha vinginevyo zilipimwa kwa imani hiyo na kuonekana ni mazoezi ya kawaida. Tarehe 6 Oktoba 1973 saa za mchana majeshi ya Misri yaliuvuka Mfereji wa Suez, na ya Syria yakashambulia milima ya Golan. Tume iliyoongozwa na jaji Agranat ilichunguza jambo hilo baada ya vita, na wakubwa kadhaa wa jeshi wakaondoka katika vyeo vyao. Kosa lao halikuwa kukosa habari. Habari walikuwa nazo mezani.

Polisi wana dhana yao ambayo hawakuichagua, nayo huwachosha wengi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 28, inaamuru kwamba mshtakiwa achukuliwe kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine au akiri mwenyewe. Konstebo aliyemkamata mwizi na kuku mkononi huona hii ni mzaha. Lakini hii si dhana ya kukisia, bali ni dhana ya kisheria, na wanasheria huipa neno lake tofauti kabisa. Haisemi kwamba mtu huyu kweli hakuiba. Inasema ni nani mwenye kazi ya kuthibitisha. Sheria ya Ushahidi ina nyingine ya namna hiyo inayowagusa wake wa askari moja kwa moja: mtu asiposikika kwa muda wa miaka saba na wale ambao kwa kawaida wangepata habari zake, anayedai kuwa yu hai ndiye atakayetakiwa kuthibitisha. Mjane wa namna hiyo, kama anaweza kuitwa mjane, hupewa na sheria ruhusa ya kuendelea na maisha yake. Moyoni huenda asiitumie ruhusa hiyo kamwe.

Turudi kambini. Siku ya sita baada ya barua kufika, mwana mkubwa wa sajini alikwama katika hesabu zake za jioni, na mama yake akaacha sufuria akaenda kumsaidia. Alimweleza njia aliyojifunza chuoni, ambayo ni kongwe kuliko vitabu vingi. Karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo mwandishi wa Misri aitwaye Ahmose aliandika hesabu kadhaa juu ya mafunjo, jamaa ya yale yaotayo katika vinamasi vya Uganda, na maandiko hayo yamehifadhiwa London katika British Museum. Moja ya hesabu zake ni hii: kiasi fulani kikijumlishwa na sehemu yake ya saba huwa 19, kiasi hicho ni kipi?

"Chukulia kwamba ni saba," mama alimwambia mtoto.

"Ni saba kweli?"

"Si saba. Lakini chukulia. Sehemu ya saba ya saba ni ngapi?"

"Moja."

"Jumlisha."

"Nane. Lakini wanataka 19."

"Basi tujue sasa tumekosea kwa kiasi gani. Gawanya 19 kwa nane."

Mtoto aligawanya akapata mbili na sehemu tatu za nane. Mama akamwambia azidishe kwa ile saba waliyoanza nayo. Ikatoka 16 na sehemu tano za nane. Mtoto akachukua kiasi hicho, akakijumlisha na sehemu yake ya saba, ikawa 19 kamili, naye akacheka kwa mshangao.

Sajini alikuwa akipiga viatu rangi mlangoni. Aliuliza, bila kuinua kichwa, kama siku hizi walimu wanawafundisha watoto kudhani. Mkewe alijibu kwamba kudhani si kosa, ili mradi mtu ajue kwamba amedhani na arudi kupima. Maneno hayo aliyasema juu ya hesabu, wala hakuwa na nia nyingine. Lakini sajini aliyasikia kama maneno ya juu ya barua, akaona mkewe anamsihi kwa mzunguko aikubali kazi ya kudhaniwa. Akakaza brashi. Naye mke alipoona brashi inakazwa alirudi jikoni. Zilikuwa zimebaki siku nane, na kila mmoja alikuwa akizihesabu kimoyomoyo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mwanamke mwenye cheti asiseme wazi. Jibu ni kwamba alifundishwa asiseme. Mama yake, shangazi zake na wanawake waliomcheza siku ya harusi walimwambia kwamba mke mwema hamsukumi mume kwa neno alilokwisha kulitoa. Mafundisho hayo yameziokoa nyumba nyingi na makelele, wala hayafai kudharauliwa. Ila waliomfundisha hawakuwa na barua zenye tarehe ya mwisho.

Tarehe 15 Agosti, siku ya Ijumaa, mama mzazi wa sajini, aliyeitwa Jaja na kambi nzima kwa kuwafuata wajukuu wake, alitoka kijijini kuja kusali sikukuu mjini. Alibatizwa utotoni, siku ya sikukuu hiyo hiyo, kwa jina la Assumpta, kama wanavyobatizwa wasichana wengi wa Kikatoliki waliozaliwa au kubatizwa katikati ya Agosti. Alipotoka kanisani alitaka kulihifadhi shuka lake la sherehe mahali pasipo na masizi. Mkwewe alimfungulia sanduku la bati. Ajuza aliinua sare, akaziona karatasi, na kwa kuwa herufi za kadi yake ya ubatizo ndizo alizozijua kuliko zote, jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye ile ya tatu.

"Mwanangu," alimwita sajini, "ni nani ameniandikia barua?"

"Hakuna barua yako, Mama. Hiyo ni ya mkwe wako."

"Hili hapa si jina langu?"

Sajini alieleza, kwa upole wa mtoto mbele ya mzazi, kwamba lile si jina. Ni neno la Kiingereza, na maana yake ni jambo la kudhaniwa tu.

Bibi kizee aliketi. Watu wengi wasingependa kuambiwa, siku ya sikukuu ya jina lao, kwamba jina lao ni dhana. Alisema kwamba utotoni mwake padri mzungu aliwafundisha maana yake kabla ya komunyo ya kwanza, wakati misa ingali ikisomwa kwa Kilatini. Bwana Yesu alipaa mwenyewe, kwa nguvu zake. Mama yake hakupaa. Alichukuliwa. Assumpta ni aliyechukuliwa. "Kwa hiyo wewe uliyesoma," alisema, "mahali gani uliona kudhani?"

Ajuza huyu hakuwa msomi, lakini alikuwa sahihi hata katika sarufi. Kiswahili cha kanisa hutofautisha Kupaa na Kupalizwa kwa uangalifu huo huo. La kwanza hutendwa na mwenyewe, la pili hutendewa mtu. Sikukuu ni ya zamani sana. Papa Pius XII aliitangaza kuwa fundisho rasmi la imani tarehe 1 Novemba 1950, lakini mji wa Asunción, makao makuu ya Paraguay, ulianzishwa siku ya sikukuu hiyo tarehe 15 Agosti mwaka 1537 na kupewa jina lake, karne nne kabla.

Sajini aliitwaa karatasi, akaisoma tena, polepole, kama asomaye hati ya mashtaka.

"Mama watoto," alisema, "kazi hii inachukuliwa?"

"Inachukuliwa. Ni karatasi ya kushika kazi. Mwalimu mkuu huitia sahihi mtu anapofika."

"Na ulijua hivyo tangu siku ile?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema tungoje."

"Nilisema tungoje wakuandikie barua ya kweli."

Hakuna aliyecheka, ingawa watoto waliokuwa mlangoni walitazama kama kwamba wakubwa wangecheka wakati wowote. Mke alikwenda kuchemsha chai. Alipoileta mkono wake ulikuwa ukitetemeka kidogo, na chai ikamwagika juu ya kisahani.

Ingependeza kusema kwamba baada ya neno kufafanuliwa kila kitu kilinyooka. Haikuwa hivyo. Kwa siku tisa neno lile lilikuwa limewasitiri na swali lenyewe, na sasa swali liliketi nao mezani. Nani atawapikia watoto sajini akiwa zamu ya usiku? Mdogo, wa miaka mitatu, abaki au aende? Mshahara wa mwalimu wa msingi utatosha kodi ya chumba kule na nauli ya kurudi mwisho wa mwezi? Na je, kama sajini atahamishwa naye? Alikiri, kwa sauti ndogo, kwamba hata kama angeijua maana ya karatasi ile tangu siku ya kwanza, huenda angesema "tungoje" vile vile. Mkewe alimjibu kwamba hilo angalau angelisikia lilivyo. Walizungumza hadi saa sita za usiku. Jaja, aliyekuwa amelala mkekani upande wa pili wa pazia, alikohoa mara mbili kuwajulisha kwamba hajalala, na mara ya pili akasema kwamba mihogo yake kijijini ina ndugu wa kuipalilia, na kwamba hana haraka ya kurudi.

Mengine yalikwenda upesi. Sajini alimwendea mkubwa wake akapewa siku mbili. Akiba ya chapati ilitosha nauli ya watu wazima wawili, kwa kuwa mtoto mdogo alipakatwa. Siku ya Jumapili godoro lilifungwa kwa kamba, na koplo wa nyumba ya tatu alileta ndoo mpya ya plastiki, kama zawadi, bila kueleza aliambiwa na nani. Jumatatu wakasafiri.

Waliifikia shule asubuhi ya Jumanne, tarehe 19, siku moja kabla ya muda kwisha. Wazazi wengi walikuwa wamekuja kwa ajili ya mambo ya mwisho wa muhula. Sajini alibaki langoni na godoro, naye mwalimu, akiwa amembeba mtoto mgongoni na ndoo mkononi, alikwenda hadi dirisha la ofisi na kusalimu. Karani aliyekuwa ndani, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari lake, alimwambia kwamba wazazi wote wanangojea chini ya mwembe mpaka watakapoitwa.

Alikwenda hadi chini ya mwembe, akaweka ndoo chini. Mwanamke mmoja alisogea kumpa nafasi kwenye benchi na kumwuliza mtoto wake yuko darasa la ngapi. Mwalimu alisimama pale kitambo kidogo. Kisha alimshukuru mwanamke yule, akaichukua ndoo yake, akarudi dirishani, na kuipitisha karatasi ya tatu katikati ya nondo mpaka ikawa juu ya daftari.

"Mimi si mzazi," alisema. "Nimekuja kushika kazi."